Kamera ya Kaka na Picha Tano Zilizobaki

Benchi letu ni mlango mbovu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa karakana yangu ya ushonaji. Kulia kuna kinyozi, tunamwita Wembe. Kushoto kuna meza ya kahawa ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini ndivyo anavyoitwa na ndivyo anavyotugombeza. Mwalimu, aliyestaafu na bado anasahihisha watu, hufika saa nne asubuhi na gazeti la jana. Bunge, dalali wa vyumba, hafiki: ukifungua duka unamkuta yupo. Jina hilo tulimpa kwa sababu hajawahi kuacha hoja ipite bila kuichangia. Mimi huwasikiliza kupitia dirishani, mguu kwenye cherehani, na maneno yakinoga natoka nje na kazi mkononi. Ndivyo nilivyotoka asubuhi ile Wembe alipokuja na mkoba mdogo wa ngozi ukining'inia shingoni.

— Hiyo nini? Bunge akauliza. Umeacha kunyoa, unapima ardhi?

— Kamera.

— Kamera! Kwani simu yako imekufa?

— Kamera ya Kaka. Kanipa jana.

Hapo kila mtu akashusha kikombe. Kaka ni ndugu yake Wembe, mkubwa kwao, lakini mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Kaka. Alikuwa na studio ya picha barabara ya nyuma, na nyumba nyingi za hapa zina ukuta wenye kazi ya mkono wake. Simu zilipojifunza kupiga picha, studio ikafungwa. Kamera hakuiuza.

— Kakupa au kakuazima? Shangazi akauliza.

— Kanipa. Haoni, Shangazi.

— Haoni nini?

— Haoni. Sukari imemla macho. La kulia limekwisha, la kushoto limebaki kipande cha pembeni. Akitaka kukutazama anageuza shingo kama kuku. Tumejua mwezi uliopita tu, alipowamiminia wageni chai. Akaimimina pembeni ya kikombe, mezani, na akaendelea kumimina.

— Na kabla ya hapo?

— Hakusema kitu.

Wembe akaitoa kamera mkobani. Ilikuwa chuma kitupu, nzito kuliko inavyoonekana, rangi nyeusi imelika kwenye kona mpaka shaba ikachungulia. Bunge akaigeuza nyuma na mbele.

— Betri inakaa wapi?

— Haina.

— Na kioo? Ukishapiga unaona wapi?

— Huoni. Mpaka mkanda uishe, uusafishe kwa dawa, ndipo unaona.

— Basi hiyo si kamera. Hiyo ni imani.

Wembe akampa Mwalimu achungulie.

— Mtazame Shangazi. Unaona nini?

— Naona Mashangazi wawili, mmoja kama kivuli.

— Mungu apishe mbali, Bunge akasema. Huyu mmoja anatutosha.

— Zungusha hiyo pete polepole.

— Wanasogeleana... wanasogeleana... Loo! Wamekuwa mmoja.

— Hapo ndipo picha inatoka kali. Wakibaki wawili, inatoka na ukungu.

— Ndiyo maana wahenga wakasema mafahali wawili hawakai zizi moja, Bunge akaamua.

— Methali hiyo ni ya wakubwa wanaogombana, Mwalimu akamsahihisha.

— Kwani Shangazi si mkubwa?

Shangazi akamwambia anyamaze kabla hajanyimwa kahawa. Wembe akatuonyesha kidirisha kidogo juu ya kamera, chenye namba. Kilikuwa kimesimama thelathini na moja.

— Mkanda una picha thelathini na sita. Zimebaki tano. Na mkanda wenyewe ndio wa mwisho aliokuwa nao, siku hizi hauonekani dukani. Kaka kaniambia: "Piga unachotaka. Zikiisha tu, zisafishwe upesi, kabla hiki kipande cha jicho hakijafunga. Nataka kuziona."

— Na hizo thelathini na moja kapiga nini?

— Nilimuuliza. Akasema alikuwa anapima kamera.

Mjadala ukawa: mtu mwenye picha tano afanye nini nazo?

Mwalimu akasema tano ni nyingi, kwa sababu mwenye tano hutazama, mwenye elfu anakusanya tu. Shangazi akamuunga mkono. Simu ya binti yake, akasema, ina picha elfu nne za mjukuu, na siku walipotafuta ile ya jino la kwanza walitafuta mpaka simu ikazima.

— Mimi nitawaambia siri, Bunge akasema. Mmeona picha za zamani? Hakuna anayecheka. Mnadhani walikuwa na huzuni? Wale watu walijua picha ni moja, na hiyo moja ndiyo itakayomwona mjukuu wa mjukuu. Utamchekea mtu usiyemjua?

— Hilo lina maana kidogo, Mwalimu akakubali. Bunge alipaswa kuishia hapo.

— Na zaidi! Kamera hizi zinachukua. Simu inanakili tu, ila hii inachukua kitu halisi. Mwanga unatoka kwako, unaingia mle, unaganda. Sasa jiulize, anayetoa ni nani? Anayepigwa anatoa mwanga, na anayepiga anatoa nini? Anatoa jicho! Kila picha, punje moja ya jicho. Kaka kapiga watu miaka ishirini na kitu. Pigeni hesabu. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Wembe alikuwa akiifuta kamera kwa pindo la shati, mahali palipokuwa safi tayari.

— Ni sukari, Bunge, akasema taratibu. Baba alikuwa nayo. Na mimi nimeambiwa nikapime.

Bunge akatazama ndani ya kikombe chake. Ni mtu wa maneno mengi lakini si mtu mbaya, na njia yake ya kuomba radhi ni kujitolea kwa jambo asiloombwa.

— Basi nipige mimi. Ya kwanza, ya kujifunzia. Hata ikiharibika, mimi uso wangu umeshaharibika siku nyingi.

Akakaa wima, mikono magotini, bila kucheka, kwa ajili ya mjukuu wa mjukuu. Wembe alichungulia, akazungusha, akashika pumzi. Chak. Sauti ndogo, kama mtu aliyeng'ata ukucha.

— Vizuri, Shangazi akasema. Ila hicho kifuniko hapo mbele hukitoi?

Kamera ile ina dirisha lake la kuchungulilia, pembeni ya lenzi, kwa hiyo unaweza kumwona mtu vizuri kabisa huku lenzi imefunikwa. Wembe alisonya mpaka nikamhurumia. Akakitoa kifuniko, akaseti upya, akabonyeza. Sekunde ile ile Bunge akageuka kumwambia mpita njia kwamba anapigwa picha.

Zikabaki tatu.

— Acheni kuchezea mali ya watu, Shangazi akasema. Mlete mwenyewe.

Kaka aliletwa Alhamisi, ameshikwa mkono na mkewe. Huyo sisi sote tunamwita Shemeji, mama mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusimama kidogo kabla ya kujibu. Alimkalisha, akamwekea kikombe mkononi, akatuambia anapitia sokoni. Kaka akageuza shingo kumfuata kwa kile kipande cha jicho mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akatugeukia, yaani aliligeukia benchi.

— Nasikia mmeshaua mbili.

— Moja na nusu, Bunge akasema.

— Jua liko wapi, mdogo wangu?

— Nyuma ya Mwalimu, Wembe akajibu.

— Tazama kivuli chake chini. Kina ukingo?

— Kina. Kama kimekatwa kwa mkasi.

— Basi mwanga ni mwingi, finya tundu la lenzi uingie kidogo. Sasa usitazame kamera, tazama watu. Kamera umeshaiambia cha kufanya, itangoja. Watu hawangoji.

Ndivyo ilivyopigwa picha ya benchi. Hatukupangwa. Shangazi alikuwa anamimina, Bunge ananyoosha kikombe, Mwalimu amefungua gazeti, na mimi nilikuwa na pini tatu mdomoni.

Kaka akanyoosha mkono, akapewa kamera. Wenzangu, niliona mikono ile ikibadilika. Mkono uliokuwa ukipapasa kikombe mezani sasa haukutafuta kitu. Kidole gumba kilivuta mkanda, cha shahada kikazungusha gurudumu huku midomo yake ikihesabu vishindo vyake vidogo, kimoja, viwili, vitatu.

— Fundi, uko wapi? Sema neno.

— Nipo hapa mlangoni, Kaka.

— Rudia.

— Nipo hapa.

— Hatua nne, akajisemea. Kidole kikasukuma kijiti cha ile pete, kilichoko chini ya lenzi, kikasimama mahali fulani. Chak.

— Umejuaje? Mwalimu akamuuliza.

— Kidole kinajua. Hatua mbili kijiti kiko hapa, nne kiko hapa, kumi kiko huku. Miaka yote ile unadhani nilikuwa natazama?

Ikabaki moja. Wembe akaipokea kamera, na kabla ndugu yake hajainuka akamwambia akae hivyo hivyo.

— Mimi? Mimi nitazame wapi?

— Popote, Kaka.

Akageuza shingo kuelekea kona ile ya barabara, na Wembe akabonyeza. Mkanda ukagoma kusogea tena. Ulikuwa umekwisha.

Yaliyofuata Wembe alitusimulia siku tatu baadaye, akiwa bado ananuka dawa.

— Tuliziba dirisha la chumba chake kwa blanketi mbili, mchana mweupe, na nguo chini ya mlango. Giza likawa giza kweli, huoni hata wazo lako. Unatakiwa uutoe mkanda kwa kugusa, uuingize kwenye kigurudumu cha kusafishia, mpaka ncha ya mwisho, usikunje, usishike katikati. Nikajaribu. Ukatoka. Nikajaribu tena, mikono ikaanza jasho. Nikasema, Kaka, nitauharibu.

— Akasemaje?

— Akasema, "Niachie. Humu ndani wote hatuoni, ila mimi nimezoea."

Wembe akanusa vidole vyake.

— Ukaingia wote kwa mara moja. Nasikia tu, krr, krr, krr, kisha kifuniko cha kopo lisilopitisha mwanga kikajifunga. Tulipofungua dirisha nikamkuta anatabasamu, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona hivyo. Dawa nilimimina mimi, yeye akihesabu dakika kwa mdomo. Tukautundika kwenye kamba ya nguo ukakauka.

Mkanda haukuwa rahisi kusomeka, kwa kuwa humo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Wembe akaupeleka duka la picha mjini wautoe kwenye karatasi. Jumatatu akarudi na bahasha, na wala hakuja kijiweni. Alinyoosha moja kwa moja kwa Kaka. Sisi tulimwona Jumanne, ameshika bahasha ile ile, hana salamu.

— Shemeji kasema niwaonyeshe, halafu nimrudishie zote. Hata mbaya.

Tukainuka, tukampisha. Akazipanga kwenye benchi, safu kwa safu. Kwanza zile zetu. Bunge alikuwa moshi wenye masikio. Benchi lilitoka zuri. Mimi mlangoni nilitoka mkali hata pini zinahesabika, na hiyo ndiyo iliyopigwa na asiyeona. Kaka mwenyewe, ameligeuzia jua shavu.

Kisha akazipanga zile thelathini na moja.

Zote zilikuwa picha moja. Shemeji, amesimama mlangoni mwa jikoni, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Mara ana beseni, mara mikono mitupu, mara kitambaa cha kichwa, mara nywele wazi, mara amevaa sweta. Ya kwanza unaona mpaka mshono wa mfuko wake. Ya kumi bado ni kali. Kufika ya kumi na tano uso unaanza kulainika, kama mtu aliyepumulia kioo. Ya ishirini humjui kwa sura, unamjua kwa kusimama. Za mwisho ni weupe mrefu ndani ya mlango mweusi.

— Kila mwisho wa mwezi, Wembe akasema. Shemeji kaniambia. Alikuwa anamwita, "Simama hapo kidogo, napima kamera." Miezi thelathini na moja.

— Kumbe anapima jicho, Shangazi akasema.

— Kamera ilikuwa nzima, Mwalimu akasema polepole. Zaidi ya miaka miwili na nusu alijua, akanyamaza.

— Hizi za mwisho zilimshinda tu, Bunge akajaribu. Mzee wa watu, kidole kilikosea.

— Kidole hakikosei, Mwalimu akamsahihisha. Hapa kwetu amempiga Fundi kwa kusikia sauti. Mlango wa jikoni haujahama. Angetaka picha nzuri angekiacha kile kijiti palepale, mwezi baada ya mwezi. Kila mara alikivuruga kwanza, akaanza upya kuwatafuta wale wawili wawe mmoja. Alipodhani wamekuwa mmoja, akabonyeza. Alichokipiga ndicho alichokiona.

— Mwalimu, kama ni kupima tu, Shangazi akamkata, angepiga ukuta. Ukuta hauchoki kusimama. Kwa nini mkewe?

Bunge alikuwa na jibu, bila shaka, na lilihusu mume na mke kugawana macho, lakini hata yeye alilisema nusu.

— Mimi nina jambo jingine, Wembe akasema. Jana alizishika moja moja, juani, ameinamisha shingo. Zile za mwanzo akacheka, akasema, "Hiyo sweta si ndiyo iliyoliwa na panya?" Alipofika hizi za mwisho akaziweka karibu kabisa na sikio, maana ndiko jicho linakoona. Akaniuliza, "Hizi nazo ni kali?"

Shangazi akaweka birika chini.

— Nikasema, kali, Kaka.

— Ulimdanganya, Mwalimu akasema.

— Nilimdanganya.

— Ulimwonea huruma, Shangazi akasema. Si sawa na kudanganya.

— Ni sawa kabisa, Mwalimu akashikilia. Mtu alikuwa anafanya vipimo thelathini na moja, anasubiri majibu. Daktari angempa majibu ya uongo ungesema ni huruma?

— Majibu alishayapata! Haoni! Wewe unataka apewe tena kwenye karatasi?

— Msema kweli mpenzi wa Mungu, Bunge akasema.

— Kwa hiyo uko upande wangu, Mwalimu akamwambia.

— Hapana, nimesema tu kwa kuwa ni kweli.

— Na Shemeji alikuwepo? nikauliza mimi.

— Alikuwepo. Kasimama mlangoni, pale pale pa siku zote. Kasikia nilivyosema.

— Na Kaka akajibuje?

Wembe akaanza kucheka, kicheko kile kinachotoka na pua inataka kulia.

— Akanirudishia picha. Akasema, "Basi umeshakuwa mpiga picha. Kazi ya kwanza ya mpiga picha ni kumwambia mteja ametoka vizuri."

— Alijua, Shangazi akasema.

— Alijua. Halafu akaniuliza jambo. Akaniambia, "Ya mwisho kabisa, hebu niambie, alikuwa anacheka?" Nikaitazama. Wenzangu, tazameni wenyewe. Utasema anacheka? Utasema analia? Hakuna uso hapo. Nikamgeukia Shemeji, yeye ndiye aliyekuwemo. Shemeji akasimama kidogo kama kawaida yake. Akasema, "Nilikuwa nacheka." Ndipo Kaka akasema yatosha, akaomba maji.

Mwalimu aliinama, akaiokota ile ya thelathini na moja, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akairudisha mahali pake kwa uangalifu. Hakusema tena habari ya kudanganya. Shangazi alitumia ncha ya kitambaa chake kwenye jicho moja, kisha akakung'uta birika tusikie kwamba kahawa imekwisha.

Hapo akatokea mteja wangu, dereva wa lori la maji, ambaye si mtu wa kijiwe. Alikuwa amefuata suruali yake niliyoipunguza mguu. Akasalimia, akakuta benchi limejaa picha na watu wamesimama kama kwenye mazishi, akainama kuzitazama. Alizifuata moja baada ya nyingine, toka mwanzo wa safu, huku kidole chake kikitembea hewani juu yake. Alipofika mwisho akainua uso.

— Huyu mama, akauliza, anakwenda wapi?

Tukatazamana. Bunge alifungua mdomo. Akaufunga.

Nikasema nakuja, nikaingia ndani kumletea suruali yake. Niliitafuta kwa muda mrefu. Ilikuwa juu ya meza, mbele yangu, imekunjwa.